Wiki nzima ya baridi na manyunyu hapa Tanga: ni mchoo, au masika yamegoma kuondoka?

Mgeni wa Sahare aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga, na nilihamia Tanga mwezi wa Novemba mwaka jana kumfuata mume wangu aliyepata kazi hapa. Tumepanga Sahare, mahali ambapo usiku tunasikia bahari. Kabla sijaja kila mtu aliniambia kwamba Tanga ni joto na jasho, hata nikayagawa mablanketi yangu mawili kwa wifi yangu, nikiona ni mzigo wa bure kuyapakia kwenye basi. Sasa najuta.

Tangu Jumamosi iliyopita, na leo ni Ijumaa, mbingu imekuwa na rangi ya majivu, upepo unatoka baharini bila kupumzika, na mvua ndogo inakuja na kuondoka kama mtu aliyesahau kitu ndani. Huanza kabla ya adhana ya alfajiri, hunyamaza, hurudi tunapochemsha chai, kisha jua huchungulia kwa saa mbili hivi na kujificha tena. Si mvua ya kufurika wala ya kubomoa, bali nguo hazikauki, chumvi jikoni imegeuka maji, godoro lina unyevu, na mwanangu wa miaka mitatu amekuwa akikohoa kwa siku tatu.

Huko kwetu mwezi wa Julai halidondoki tone. Mvua ikishaondoka Aprili au Mei, hatuitarajii tena mpaka karibu na Novemba, kwa hiyo nikiona mvua Julai moyo wangu unaniambia kwamba kuna kitu kimeharibika. Mume wangu anasema haya ni masika yaliyochelewa kwisha. Jirani yangu, bibi wa makamo aliyezaliwa hapa hapa, alicheka akaniambia, "Huo ni mchoo, mwanangu," kisha akaingia ndani kuendelea na shughuli zake bila kunieleza mchoo ni kitu gani.

Nauliza kwa sababu nina hasara mkononi. Nimeanza biashara ndogo ya kununua dagaa wabichi, kuwachemsha na kuwaanika. Wiki hii nilinunua ndoo sita, na karibu nusu yake imeota ukungu au kunuka kabla haijakauka. Naomba wenyeji mnieleze: je, hali hii ni ya kawaida kwa mwezi huu? Mtu anajuaje kwamba inakaribia kwisha? Na wanaoishi kwa kuanika vitu, katika siku kama hizi wanaishije?

Kijana wa Ngamiani alijibu:

Pole sana, dada. Mimi nimezaliwa hapa, lakini sikumbuki wiki ya Julai iliyokuwa na baridi ya namna hii. Kwa maoni yangu haya ni mabadiliko ya tabianchi, na isije ikawa ni mkia wa kimbunga kama kile cha Hidaya cha mwaka 2024 ambacho nacho kilianza kwa upepo na mawingu. Ningekushauri usiwe karibu na ufukwe mpaka hali itulie, na kuhusu dagaa, kwa sasa simamisha biashara kabisa.

Nahodha wa Tongoni alijibu:

Mwanangu wa Sahare, karibu Tanga, na pole kwa hasara. Jirani yako amekueleza sawasawa ingawa kwa ufupi. Masika yalikwisha siku nyingi. Hali unayoiona sasa ni kipupwe, na mvua ndogo zinazonyesha ndani ya kipupwe ndizo tuitazo mchoo.

Sisi watu wa pwani mwaka tunaugawa kwa pepo kabla ya kuugawa kwa mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi, nayo ni upepo wa joto na bahari njema. Kusi huingia Aprili pamoja na masika, hukua, na kufikia nguvu zake Juni na Julai, kisha hulegea polepole kuelekea Agosti na Septemba, wakati tuuitao demani. Baba zetu waliosafiri kwa majahazi makubwa kwenda Arabuni waliondoka mwanzo wa kusi, kabla haijapevuka, au waliingoja demani. Katikati yake chombo kilipandishwa pwani, kikapakwa shahamu na kukalafatiwa, na mabaharia wakaoa au wakagombana. Sasa tuko katikati hiyo. Ukiwa ndani ya kusi kuu, baridi na manyunyu si ajabu hata kidogo. Ajabu ni Julai ikipita bila hayo, na nimewahi kuiona hiyo pia.

Unauliza mtu anajuaje kwamba yanakwisha. Watu wa bara husema dalili ya mvua ni mawingu, na kwao ni kweli, kwa kuwa wingu la kwao hujengeka mbele ya macho yako, likawa jeusi, likaja. Huku kwetu wakati wa kusi wingu ni mpita njia. Utaona mbingu imefunikwa kwa siku tatu bila tone kudondoka, na utaona pia kipande kidogo cha wingu, cheupe tu, kikakulowesha mpaka mfupa. Kwa hiyo usilitazame wingu, tazama upepo. Amka kabla ya alfajiri ukasimame nje. Kama upepo wa bara, tunaouita umande, unatoka nchi kavu ukielekea baharini, tena mwepesi na mkavu, na nyota zinaonekana mpaka chini karibu na maji, siku hiyo utaanika. Kama kusi haikulala usiku, inavuma alfajiri kwa nguvu ile ile ya alasiri, na upande wa bahari ni mweusi bila mstari wa kutenga maji na mbingu, basi kaa na dagaa wako ndani. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini, nayo imenisaidia zaidi ya mara niwezazo kuhesabu.

Kwa uzoefu wangu mchoo haukai mfululizo. Huja kwa vipindi vya siku tatu, nne, mara chache wiki, kisha hupumua. Umekuja kuanza biashara yako katika kipindi kirefu kuliko kawaida, basi. Babu yangu yeye alihesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa watu wa pwani, akawa anasema mchoo utaingia mwongo fulani na kutoka mwongo fulani, na watu wakapanga safari zao kwa maneno yake. Sisi tulioshika usukani baada yake tulizembea, hesabu ile hatukuifuata kama inavyostahili.

Msoma Vipimo alijibu:

Shikamoo, Nahodha. Mimi nilifanya kazi ya kusoma vipimo vya hali ya hewa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mambo mengi uliyoyasema yanakubaliana na yale tuliyokuwa tukiyaandika kila siku katika daftari. Naomba niongeze sababu zake, na mahali pamoja nitatofautiana nawe kwa heshima.

Kwanza nimtoe hofu Kijana wa Ngamiani. Vimbunga vya kitropiki katika upande wetu wa Bahari ya Hindi vina msimu wake, kwa kawaida Novemba hadi Aprili, kwa sababu vinahitaji maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 na kuendelea. Hidaya, iliyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, ilishangaza wengi kwa sababu mbili, kwamba ilikuja mwishoni kabisa mwa msimu na kwamba ilisogea karibu mno na ikweta. Mwezi wa Julai maji ya pwani yetu hushuka hadi nyuzijoto 25 hivi, na kimbunga hakipati chakula hapo. Tena sikilizeni jambo moja ambalo kila mtu anaweza kulithibitisha mwenyewe: wiki nzima hii ya mvua, je, mmesikia radi hata moja? Mimi sijasikia. Mawingu ya kusi ni mafupi. Juu yake, kwenye kilometa mbili au tatu, kuna tabaka la hewa kavu yenye joto kuliko ile iliyo chini yake, nalo huyazuia kupanda kama kifuniko cha sufuria. Wingu lisilopanda halizai radi wala mvua kubwa. Linazaa manyunyu na rasharasha, ndiyo haya yanayomlowesha dada yetu.

Upepo wenyewe unatoka mbali. Katika miezi ambayo kusini mwa dunia ni majira ya baridi, hukusanyika hewa nzito yenye mgandamizo mkubwa kusini mashariki kwetu, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, na hewa hiyo hutiririka kuelekea kaskazini, ikapita juu ya bahari, ikagusa pwani yetu, ikavuka ikweta, kisha ikakunja kuelekea Bara Hindi ambako ndiyo inayobeba mvua zao kubwa. Sisi tuko njiani tu. Mgandamizo ule ukiimarika kwa siku kadhaa, kusi huongezeka na unyevu huongezeka, nasi tunapata wiki kama hii; ukilegea, tunapata jua. Ndiyo sababu vipindi vya mchoo huja na kupumua kama Nahodha alivyosema.

Kuhusu saa za kunyesha, dada Mgeni ameona vizuri pengine bila kujua alichokiona. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na ule umande wa Nahodha husogea taratibu kutoka bara. Ukikutana na kusi yenye unyevu karibu na ufukwe, hewa haina pa kwenda ila juu, ikipanda hupoa, na manyunyu hudondoka, hasa kati ya usiku wa manane na asubuhi. Jua likishaipasha nchi moto, mawingu husukumwa ndani, na hapo hukutana na ukuta wa Usambara. Amani, iliyo kwenye meta 900 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua karibu milimeta 1,900 kwa mwaka, nyingi ikiwa zawadi ya upepo huu huu unaolazimishwa kupanda mlima. Ukivuka upande wa pili ukateremka Mombo, unakuta vumbi. Nimewahi kuondoka Tanga asubuhi nikiwa nimevaa koti la mvua, nikafika Mombo mchana nikaonekana kichaa.

Na baridi, je? Hapa naomba tusidanganywe na miili yetu. Usiku wa Julai Tanga hushuka hadi nyuzijoto 20 au 21, na mchana hufika 27 au 28, wakati Machi mchana unavuka 32. Mtu wa Lushoto akisikia kwamba nyuzi 20 ni baridi atatucheka. Lakini mwili haupimi kama kipimajoto. Upepo unaondoa joto la ngozi, nguo yenye unyevu inaondoa zaidi, na nyumba zetu zimejengwa kuukaribisha upepo, na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, kwa kuwa miezi tisa kati ya kumi na miwili tunauomba uingie. Kwa hiyo dada hakukosea kusema kwamba kuna baridi. Ameieleza kama inavyomfikia.

Sasa tofauti yangu na Nahodha. Hesabu ya Nairuzi ni kazi kubwa ya akili, nami naiheshimu: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada, jumla 365. Lakini haina siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne, na kwa sababu hiyo Nairuzi hurudi nyuma kwa siku moja kila miaka minne ukiilinganisha na jua. Katika miaka 100 inateleza karibu siku 25. Mwongo ambao babu wa babu yako aliuona ukileta mchoo hauwezi kuwa mwongo ule ule kwa mjukuu wako. Pengine hamkuzembea, pengine hesabu ndiyo iliyowaacha.

Kwa matumizi ya kila siku, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa miezi ya Juni hadi Agosti, utabiri wa siku kumi, na ule wa kila siku, pamoja na taarifa za bahari. Kwa wiki kama hii mara nyingi utasikia angalizo la upepo unaozidi kilometa 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi meta mbili. Angalizo ni ngazi ya chini. Juu yake kuna tahadhari, na juu kabisa tahadhari kubwa. Wengi huyachanganya maneno haya matatu, wakaogopa pasipo sababu au wakapuuza palipo na sababu.

Nahodha wa Tongoni alijibu:

Marahaba, ndugu yangu. Hilo la siku moja katika miaka minne nilikuwa nalijua, kwa kuwa Makunduchi kule Unguja wanaoga mwaka, ndiyo Nairuzi yenyewe, mwezi wa Julai, na wazee wangu walisema wazee wao waliuoga mwezi wa Agosti. Lakini kumbuka kwamba mwenye kuhesabu miongo hakufumba macho. Alihesabu, kisha akatoka nje akaangalia umande. Hesabu ilimwambia lini aanze kuangalia. Siku zikiteleza, naye akiangalia kila alfajiri, atajirekebisha bila kuandika popote. Hata hivyo nakubali kwamba kwa kijana anayeanza leo, utabiri wa siku kumi ni mwepesi zaidi kuliko kumtafuta babu yangu.

Mama wa Chanja, Kigombe alijibu:

Nimesoma yote kwa furaha, lakini naona wanaume wamezungumza upepo na dagaa wa watu wanazidi kuoza. Dada yangu Mgeni, niruhusu.

Kosa la wageni karibu wote, nami nilikuwa mgeni nilipokuja kuolewa Kigombe, ni kungoja siku ya jua. Katika kipupwe usihesabu siku, hesabu saa. Umeambiwa hapo juu kwamba manyunyu hupenda alfajiri, na kwamba mchana mawingu husogea kuelekea Amani. Basi usianike saa kumi na mbili asubuhi kama ulivyozoea Januari. Mimi hutoa dagaa saa nne, baada ya kuhakikisha chini ya chanja pamekauka, na kuwafunika saa tisa au kumi kabla unyevu wa jioni haujashuka. Siku moja ya Februari inamaliza kazi. Katika wiki kama hii inachukua siku mbili, tatu, wakati mwingine nne, na ukijua hivyo toka mwanzo hutaharakisha kuwaweka guniani wakiwa na unyevu ndani. Ukungu wako, nina hakika, umetoka huko. Dagaa anakauka nje kwanza, ukimgusa unasema tayari, kumbe tumbo bado bichi.

La pili ni jinsi unavyowaweka usiku. Ukiwalundika ndani ya ndoo au kuwafunika kwa nailoni iliyowalalia, watafuka joto kama samadi, na asubuhi utakuta wananuka. Watandaze wembamba ndani, juu ya nyavu na si juu ya sakafu, na waache wapate hewa. Chanja ya nje iinue kufika kiunoni, uielekeze ili kusi ipite chini na juu, na turubai uliinue kwa vijiti kama kibanda, pande mbili zikiwa wazi. Turubai lililolala juu ya dagaa linatoka jasho, na jasho hilo linarudi juu yao. Watu hupuuza upepo huu kwa sababu unawatia baridi, lakini ukiutumia vizuri unakausha hata pasipo jua, ila kwa uvivu.

La tatu ni chumvi. Katika kaskazi nachemsha kwa maji ya bahari na inatosha. Katika mchoo naongeza chumvi kwenye maji ya kuchemshia, na nikiona usiku kusi haikulala kama Nahodha alivyosema, siwatoi kabisa. Nawaacha ndani ya maji yenye chumvi kali mpaka kesho, kuliko kuwatandaza wanyeshewe. Kunyeshewa dagaa aliyekwisha chemshwa ni hasara isiyorudi, kwa kuwa mvua inaosha chumvi yote. Siku ya pili wakikataa kukauka, nawapeleka kwenye moshi. Bei yake ni tofauti na mnunuzi wake ni tofauti, lakini ni pesa.

Na usimsikilize kijana anayekuambia usimamishe biashara. Wakati wa kusi vyombo vingi havitoki, dagaa wabichi ni wachache, na mkavu mzuri ana bei kuliko wakati wowote. Punguza tu. Nunua ndoo mbili unazoweza kuzitazama badala ya sita, na kama utapata samaki wakubwa kidogo wa kupasua, fanya ng'onda, kwa sababu chumvi ndiyo inayofanya kazi kubwa kwenye ng'onda na jua linamalizia tu. Kumbuka pia mwezi. Wavuvi wa dagaa wanategemea taa na giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi hakuna dagaa hata bahari ikiwa shwari. Siku hizo tengeneza chanja yako.

Muuguzi, Makorora alijibu:

Dada Mgeni, nimekuwa nikisubiri mtu amtaje mtoto, na sijaona. Kikohozi cha siku tatu katika wiki ya baridi mara nyingi ni mafua ya kawaida, lakini Tanga miezi inayofuata masika ni miezi ya malaria pia, na wazazi wengi huku husema "ni baridi tu" mpaka mtoto amezidiwa. Akiwa na homa apimwe. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika zisizozidi 20 hivi. Mhesabu pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima: kwa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au mbavu zinazobonyea ndani anapovuta hewa, maana yake aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Jingine ambalo naliona kila kipupwe, na linaniumiza: msiingize jiko la mkaa chumbani usiku ili kupasha joto au kukausha nguo, huku mkiwa mmeziba matundu ya hewa kwa nguo kuukuu. Hewa ya monoksaidi ya kaboni inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Vaeni nguo mbili mbili, mtoto alale katikati, na nguo zianikwe ndani barazani palipo na upepo. Blanketi moja jipya ni nafuu kuliko hayo yote; hayo mawili ya wifi yasamehe.

Mkulima wa Muheza alijibu:

Naongeza neno moja kwa walio mashambani. Mahindi ya masika sasa hivi yamesimama shambani yakikauka, na mchoo huu ndio unaoyaharibu, kwa kuwa gunzi linalonyeshewa likiwa kavu huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Yavuneni, yaingizeni chini ya paa, msiyalundike yakiwa na maji. Ukitaka kujua kama yamekauka vya kutosha, tia punje kidogo ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado. Ingawa wiki hii, kama dada alivyosema, kupata chumvi kavu kwenyewe ni kazi, ikaangeni kwanza.

Kwa upande mwingine, kunde na matembele yangu hayajawahi kuwa mazuri hivi Julai, kwa hiyo mimi siwezi kuutukana mchoo kwa moyo wote.

Mgeni wa Sahare alijibu:

Nawashukuru nyote. Mtoto nilimpeleka Jumamosi, malaria hana, pumzi nilizihesabu zikawa 28 akiwa amelala, na kikohozi kimeanza kulegea. Mume wangu amekubali kwa shingo upande kwamba si masika.

Jumapili niliamka saa kumi na moja nikasimama nje kama Nahodha alivyonielekeza. Kusi ilikuwa inavuma, sikuona nyota hata moja, nikarudi kulala, na saa moja mvua ikanyesha. Leo Jumatatu niliamka tena. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka upande wa nyumba kwenda baharini, mwembamba sana, hata nikahisi harufu ya moshi wa kuni kutoka kwa majirani wa nyuma ambayo sijawahi kuihisi tangu wiki iliyopita. Nyota zilikuwa chache, lakini zilikuwepo. Saa nne nikatoa ndoo mbili tu, chanja imeinuliwa, turubai liko kwenye vijiti. Saa nane rasharasha ilikuja kwa dakika tano bila kuniaga, nikachelewa upande mmoja, nikapoteza kama sahani mbili za dagaa. Waliobaki bado hawajakauka tumboni, nimewavunja kadhaa nikaona. Nimewatandaza ndani juu ya nyavu, kesho watatoka tena.

Nina swali moja dogo kwa Mama wa Chanja: moshi huo unatumia kuni za mti gani? Hapa kwetu ninachopata kwa urahisi ni makumbi ya nazi na vifuu tu.

Mama wa Chanja, Kigombe alijibu:

Makumbi yanatosha, mama. Yaloweshe kidogo yasiwake, yafuke tu. Vifuu viweke chini kwa ajili ya moto. Mikoko usiikate hata ukishauriwa. Ni kosa kisheria, na hiyo ndiyo inayokukingia hilo wimbi unalolisikia usiku.